Hodi ya Hewani: Safari Yetu ya Amu na Kipungani

Basi letu liliondoka Mombasa kukiwa bado giza, mwezi wa Disemba, shule zimefungwa na kaskazi imeanza kuvuma. Tulikuwa watu watano wa nyumba moja: sisi dada wawili tunaoandika haya, mabinti zetu wawili, na kijana wetu wa miaka 20, ambaye tangu kituoni alikuwa amelipakata begi jeusi mapajani kama mtu aliyeaminiwa mayai ya jirani. Utingo alitaka kulitia kwenye buti pamoja na mizigo mingine. Kijana alikataa kwa adabu, akalishika kwa mikono miwili hadi Malindi.

Ndani ya begi lile mlikuwa na droni, kile kindege cha kamera chenye mapanga manne ambacho mabinti walikwisha kukipa jina la Kerengende. Safari tuliipanga kwa ajili ya kumzuru mama yetu, ambaye wajukuu humwita Bibi, anayeishi peke yake katika nyumba ya wazazi wake kule Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyouita mji wao. Lakini kijana alikuwa na nia yake ya pili, naye hakuificha. Alitaka kuipiga picha nyumba ile kutoka juu, pamoja na mapaa ya makuti, minara ya misikiti, na vichochoro ambavyo hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida.

Tuseme ukweli, mwanzoni hatukuona ubaya wowote. Tulidhani droni ni kama kamera ya kawaida, mtu hununua, hutia chaji, hurusha. Mjomba wao aliyeko Muscat ndiye aliyetuzindua bila kukusudia, alipopiga simu kusema kwamba ataileta kama zawadi ndani ya sanduku lake. Tulipouliza kwa wanaojua, tuliambiwa tumzuie kwanza. Droni haiingizwi nchini bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na isiyo na karatasi huzuiliwa uwanjani. Ikabidi zawadi ikae Muscat mpaka ruhusa ilipopatikana, na kijana alikuwa akihesabu siku kama mtoto anayengoja Idi.

Wakati wa kungoja ndipo tuliposoma. Kenya ilikuwa na kanuni za mwanzo za vyombo hivi, lakini Bunge lilizibatilisha mwaka 2018, na kwa muda watu wa kawaida wakabaki hawana njia ya halali ya kurusha. Kanuni zinazotumika zilitolewa mwaka 2020. Zinataka mwenye droni awe ametimiza miaka 18 na chombo chake kiandikishwe. Binti yetu wa miaka 15, ambaye mikono yake ni mitulivu kuliko ya kaka yake, aliichukia ibara hiyo kwa wiki nzima. Zinataka pia chombo kisipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120, kisikaribie chini ya mita 50 kwa mtu, gari au jengo lisilo chini ya mamlaka ya mrushaji, na kisitoke machoni pake.

Kuna sharti jingine, nalo ndilo lililoibadilisha safari yetu. Droni hairushwi karibu na uwanja wa ndege bila ruhusa maalumu. Kwa viwanja vidogo umbali ni kilomita 7, na kwa vikubwa ni kilomita 10. Usiku mmoja tuliitandaza ramani ya Lamu juu ya meza ya kulia, kijana akachukua bikari ya shule ya mdogo wake, akaitia ncha juu ya uwanja wa Manda na kuchora duara la kilomita 10, maana hatukutaka kubahatisha. Mji wa Amu uko kama kilomita 2 tu kutoka uwanja ule, ng'ambo ya mkondo. Ukamezwa. Shela, kwenye mchanga mweupe, ni kama kilomita 5. Ikamezwa. Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, nayo ikaingia ndani. Kilichobaki nje ya mstari, huko mwisho wa kisiwa upande wa magharibi na kusini, kilikuwa Kipungani.

Kwa hiyo barua ya ruhusa tuliyosafiri nayo, yenye siku na mahali, ilitaja Kipungani peke yake. Kijana aliipokea kama mtu aliyeomba pilau akaletewa uji.

Njia ya Lamu leo si ile ya utotoni kwetu. Lami imefika Witu na kuendelea, na mtu halali tena njiani kwa sababu ya matope. Lakini vizuizi vya askari vipo, na wasafiri wa njia hiyo hawahitaji kuelezwa sababu. Baada ya Garsen tuliteremshwa sote, wanawake upande huu, wanaume upande ule, vitambulisho mkononi. Askari alipolifungua begi jeusi alinyamaza kidogo. Kijana akatoa cheti cha uandikishaji, akatoa na barua. Askari aliisoma yote, mstari kwa mstari, watu wengine wakimngoja juani, kisha akauliza swali moja: "Na mjini hutairusha?" Kijana akasema hapana. Tulimwangalia usoni alipolisema neno lile, maana tulimjua.

Kutoka Mokowe tulivuka kwa boti. Mtu aliyeukulia mji ule huujua kwa pua kabla ya macho: moshi wa kuni, chumvi, samadi ya punda, udi unaotoka dirishani kwa mtu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni huja kuzitazama nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa. Sisi tulikuja kumbusu mkono mwanamke mmoja.

Ni vyema tueleze jinsi nyumba ile ilivyo, kwa ajili ya wasomaji waliolelewa katika nyumba za ghorofa. Kwanza kuna daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mgeni mwanamume huketi na kuzungumza bila ya kuingia. Ukipita mlango hukuti nyumba, unakutana na ukuta. Njia inapinda, na aliyeko mtaani hawezi kuona ndani hata mlango ukiachwa wazi. Baada ya kona ndipo unapofika kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoingiza jua na hewa. Vyumba hufuatana kuanzia hapo, kila kimoja kikiwa cha siri zaidi ya kilichokitangulia, hadi ndani kabisa penye zidaka za chokaa ukutani. Baadhi ya nyumba zina wikio, chumba kilichovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ambacho wanawake waliweza kupitia kwenda kwa jamaa zao bila ya kukanyaga njia. Na juu ya yote kuna paa, mahali pa kuanikia nguo, kupunga upepo wa jioni, na kulala usiku wa joto.

Mafundi wale walikisia kila pembe ambayo jicho la mpita njia lingeweza kuingilia, wakaiziba. Jicho linaloruka halikuwamo katika hesabu yao.

Tulipoingia kiwandani tulikuta giza. Mwanzoni tulidhani mawingu. Kisha tukaona juu yetu turubali la buluu, limefungwa kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Chini yake, mikebe ya mrehani ambayo Bibi ameitunza tangu sisi tukiwa wadogo ilikuwa imenyong'onyea, majani ya manjano, mashina marefu yakitafuta mwanga. Tulimwamkia, akatubariki mmoja mmoja. Tukauliza kuhusu turubali, akasema, "Jua limekuwa kali." Huyu ni mama aliyetufundisha kwamba mrehani usioona jua hauna harufu.

Alitusimulia baada ya Isha, mabinti walipokwisha kulala. Miezi michache kabla ya hapo, baada ya Alasiri, alikuwa amepanda juu kuanika nguo. Alikuwa ametoka kuosha kichwa, nywele zake wazi na kanga ameifunga kifuani, kama afanyavyo mwanamke yeyote juu ya paa lake mwenyewe, ambapo kwa miaka 70 hakuna mwanamume wa kando aliyewahi kumwona. Akasikia mvumo. Alidhani nyuki. Alipoinua uso alikiona, juu ya kichwa chake, kimetulia hewani kama mwewe anayechagua kifaranga. Goti lake halimruhusu kukimbia. Alijivuta shuka iliyolowa kutoka kwenye kamba, akajifunika gubigubi, akakaa chini juu ya paa akisubiri mvumo uondoke.

Kilikuwa cha nani? Hakujua. Mgeni fulani, katika nyumba fulani ya wageni, ambaye pengine hata hakumtazama. Pengine alikuwa akitafuta mandhari ya machweo. Lakini ni nani wa kumhakikishia Bibi kwamba uso wake hauko katika simu ya mtu? Tangu siku ile hakupanda tena juu. Nguo zake zilianikwa kiwandani, chini ya turubali, zikakauka kwa harufu ya uvundo.

Kijana wetu alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza, begi jeusi likiwa nyuma ya mgongo wake. Bibi hakujua kilichomo. Hatukumwambia usiku ule, na tunakiri kwamba tulinyamaza kwa aibu.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe baadaye, nasi tunayaandika kwa idhini yake. Baada ya Alfajiri, sisi tukiwa bado kwenye miswala, alipanda juu na droni. Alikuwa amejiambia kwamba dakika tano zatosha, kwamba mji umelala, kwamba yeye si mgeni bali ni mwana wa nyumba na picha hazitamwonyesha mtu. Aliyakunjua mapanga, akakiweka kindege juu ya ukingo. Kisha, katika kutafuta nafasi iliyo wazi, akasimama juu ya tofali ambalo wanawake wa nyumba hawasimami. Juu ya paa la tatu kutoka letu alimwona mama mmoja ameamka, kichwa wazi, akimchana nywele mtoto aliyekuwa akisinzia. Akateremka kwenye tofali. Anasema hakujua afanye nini na mikono yake.

Akiwa pale, ndege ya abiria ilipita kuelekea Manda, chini sana. Hapo ndipo alipoielewa ile duara ya bikari. Ndege zenye watu kwa kawaida huruka juu ya futi 500, na droni huwekewa mwisho wa futi 400 ili kati yao kubaki pengo. Lakini ndege inayotua lazima ilishuke pengo hilo. Karibu na uwanja, tabaka la droni na tabaka la abiria huwa moja. Akakunja mapanga, akarudi chini.

Bibi alikuwa amemsikia ngazini. Alimuuliza jambo moja tu: "Ulikohoa?" Katika nyumba ile, mwanamume apandaye juu hukohoa katika daraja la kwanza, la pili na la tatu, ili aliyeko juu, wa kwetu au wa jirani, apate kujisitiri. Kijana alisema hakukohoa. Akaliweka begi mbele yake, akalifungua, akamweleza yote.

Ghadhabu tuliyoitarajia haikuja. Alikigeuza kindege mikononi kama anavyochagua samaki sokoni, akauliza jicho liko wapi, akauliza linaona umbali gani. Kisha akarudisha. "Basi nendeni huko mlikoruhusiwa," akasema. "Na mkifika, mpige hodi."

Dini yetu imeliweka wazi jambo la hodi. Katika Surat An-Nur tumeamrishwa kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, na tukiambiwa turudi, turudi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alibainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Tumeijua hadithi hiyo tangu chuoni, tukaifunga mlangoni, kana kwamba macho huingia kwa miguu tu. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza: kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, kanuni za droni zinamtaka mwenye kamera aheshimu faragha ya watu na mali zao, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu picha ya mtu anayetambulika kama inavyohusu jina lake.

Siku ya tatu tulikodi mashua kwenda Kipungani. Mkondo ulikuwa umejaa, mikoko ikionekana kama inayoelea. Kijiji hicho ni kidogo na kimya, chenye miembe mikubwa, na wanawake wake ni wasusi wa mikeka. Tulikuwa tumekwisha kuripoti kwa wahusika mjini. Hata hivyo, jambo la kwanza lilikuwa kumtafuta mzee wa kijiji, na sisi wanawake tukaenda upande wetu, kwenye kivuli ambapo kina mama walikuwa wakisuka ukili.

Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko urushaji, nasi tunalitaja hili kwa wazazi ambao watoto wao wameanza kuomba vyombo hivi. Mzee alimuuliza kijana maswali ya mtu anayeuziwa ng'ombe. Kinapanda wapi? Kinaona nini kikigeuka? Kikianguka, kitamwangukia nani? Mwishoni walikubaliana mpaka: kisipite juu ya nyumba, kisipite juu ya chuo ambapo watoto husoma, na kisiende upande wa kisima. Kiondoke ufukweni, kielekee baharini, kirudi kwa njia iyo hiyo. Kina mama waliongeza lao: wapewe habari kabla, na kila asiyetaka apewe nafasi ya kuondoka. Wawili waliondoka. Mmoja alirudi na miwani ili aone vizuri zaidi.

Kisha likaja suala la mahali pa kurukia. Mapanga ya droni hutifua mchanga, na chembe zikiingia kwenye mota huiua haraka, seuze mchanga wenye chumvi. Warushaji hubeba kitambaa cha kutandika. Cha kwetu kilikuwa kimesahaulika Mombasa. Kijana, kwa haraka yake, akachukua mkeka mdogo mzuri uliokuwa kando ya mlango wa msikiti. Mama mmoja alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Mokowe. "Huo ni msala!" Akaletewa jamvi kuukuu la kuanikia samaki, na Kerengende akaanzia safari yake hapo, akinuka papa mpaka leo.

Nahodha wetu, ambaye hakuwahi kuona droni kwa karibu, ndiye aliyetoa fundisho lililokiokoa chombo. Kijana alikusudia kukipeleka kwanza upande upepo unakoelekea, maana ndiko mandhari yalikokuwa mazuri. Nahodha akauliza, nguvu zake ni za muda gani? Akaambiwa betri hudumu chini ya nusu saa. Akacheka. Akasema, nenda joshini kwanza, ungali na nguvu, urudi na upepo nyuma yako. Ukienda demani kwanza utakwenda kama mfalme na kurudi kama mwombaji, na hii si mashua, haina kasia. Ilikuwa kweli tupu: kilipokwenda kukabili kaskazi, betri ilishuka kwa kasi ambayo hatukuitarajia, na kilipogeuka kilirudi karibu bure.

Kilipanda kama mita 80. Hatukukipoteza machoni hata mara moja. Hilo lilikuwa jukumu la mabinti, mmoja akitazama chombo na mwingine akitazama anga, maana anayeshika vidhibiti huvutwa na kioo na kusahau mbingu. Kwenye kioo tuliona tusiyowahi kuyaona tangu kuzaliwa katika mwambao huu: mkondo ukijipinda ndani ya mikoko kama ukili unaosukwa, maji mepesi ya kijani yakishikana na ya buluu nzito, kivuli cha mashua yetu chini ya bahari. Yule mama mwenye miwani aliweka kidole kwenye kioo na kututajia majina ya vijito vyote, kila kimoja na aliyezama humo.

Mwewe akaja. Aliuzunguka mara mbili ule mgeni wa anga, na kijana akakiteremsha polepole bila ya kubishana, kwa kuwa mwewe huwa na haki ya kwanza pale.

Jioni ile, tukiwa bado kijijini, tulizipitia picha. Katika moja, pembeni kabisa, palionekana wanawake wawili ndani ya maji kwenye ukingo wa mikoko, nguo wamezikunja hadi magotini, wakiokota chaza. Hakuna aliyewaona tukiwa ufukweni. Walikuwa mbali, wadogo kama punje, lakini mwenye kuwajua angewajua. Kijana aliuliza ni kina nani. Tukaenda naye, sisi mbele na yeye nyuma, hadi nyumbani kwao, akapiga hodi na kubaki nje, nasi tukawaonyesha. Mmoja alisema haidhuru. Mwingine alisema afute. Alifuta mbele yao wote wawili, akawapa kioo wahakikishe, na dakika nne za picha bora kuliko zote za safari zikaenda. Alikuwa kimya ndani ya mashua. Hatukumliwaza.

Tunayafikiria haya kila tunapokaribia msimu wa harusi. Kwetu pwani, siku ya kupamba, simu huzuiwa mlangoni, na mabinti huvua mabuibui yao kwa kuamini kwamba walioko uani ni wanawake watupu. Wapiga picha sasa huja na droni kama walivyokuja zamani na taa. Mwenye harusi anayekubali kamera ya hewani kwa upande wa wanaume aulize, kabla ya kulipa, itapita juu ya ua wa nani. Aulize pia karatasi za KCAA, maana arushaye kwa malipo ana masharti mazito kuliko kijana wetu na jamvi lake la samaki.

Usiku wa mwisho Amu, Bibi aliomba kuona tulichokiona. Alizitazama picha za mikoko kwa heshima, akasifu, lakini macho yake hayakuwa hapo. Kisha akauliza kama kitu hiki kina sauti moja daima, au hubadilika. Kijana alikuwa ameurekodi mvumo wake kwenye simu kule Kipungani, kikiwa karibu, kikiwa mbali, kikiwa kinashuka. Akamchezea. Bibi alifumba macho. Akataka tena, na mara ya tatu.

"Si nyuki," alisema. "Nyuki wana kwenda na kurudi. Hiki kina neno moja tu."

Akamuuliza kikiwa mbali kiasi gani mtu huanza kukisikia, na toka kusikika hadi kufika juu ya kichwa huchukua muda gani. Kijana alimjibu kama anavyojua, akimwambia pia kwamba upepo ukiwa mkali huenda asikisikie mapema. Bibi alihesabu kwa vidole, kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye mlango wa ngazi, kwa goti lake. Hakutuambia jibu.

Asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, alisema tufungue upande mmoja wa turubali, ule wa kusini, kwa sababu mrehani unataka jua. Kijana akaenda kufungua kamba. Tukiwa kiwandani tulimsikia akikohoa katika daraja la kwanza, akangoja, akakohoa katika la pili.